KOMPRESA ILIYONYAMAZA HAIJAFA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mukuru kwa Njenga)



Sisi tukaao Mukuru kwa Njenga twalijua joto la nyumba ya mabati saa sita mchana. Behewa la abiria nalo ni nyumba ya chuma. Tangu Madaraka Express ianze safari za Mombasa na Nairobi mwaka 2017, abiria wamezoea ubaridi, nasi twaulizwa: Baridi hiyo yatoka wapi? Leo tujibu, kwa maana asiyekijua chombo chake hujiumiza nacho.

Kwanza, mtambo hautengenezi baridi. Kazi yake ni kutoa joto ndani na kulitupa nje. Kompresa huibana gesi mpaka ikawa moto. Gesi hupita katika mabomba ya nje, feni huipepea, joto hutoka, nayo hugeuka majimaji. Majimaji hayo hupenya tundu jembamba, hulegea, huchemka na kuwa gesi tena. Ili yachemke hunyonya joto la hewa ya ndani. Mtungi wa udongo hufanya jambo kama hilo: jasho lake likikauka huondoka na joto, maji yakapoa.

Pili, kwa nini mitambo mingi ina kompresa mbili? Fikirini mahamali wawili. Mzigo ukiwa mwepesi, mmoja atosha. Joto likizidi, kama Mombasa adhuhuri, huitwa wa pili. Hawaanzi pamoja, kwa kuwa mota inapoanza huvuta stima mara kadhaa kuliko ikiisha kushika mwendo. Zikianza zote, jenereta yaweza kulemewa. Tena mara nyingi kila kompresa ina mabomba na gesi yake, hivyo moja ikiharibika nyingine huendelea, ila kwa nguvu nusu.

Tatu, hapa ndipo penye hatari. Siku moja tuliamriwa kufungua mtambo, tukaambiwa kompresa moja imekufa. Kumbe ilikuwa ikingoja zamu yake. Joto likapanda, ikaitwa, feni ikazunguka, na mwenzetu akauokoa mkono wake kwa bahati tu.

Basi tushike haya:

1. Kabla ya kugusa, zima stima, funga swichi kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwako wewe.

2. Behewa likiwa na joto, tazama kwanza chujio la hewa na uchafu wa mabomba, ndipo uilaumu kompresa.

3. Gesi isifunguliwe ila na fundi aliyefundishwa. Ni nzito kuliko hewa. Hujaa mahali pa chini na kumnyima mtu pumzi.

Ndugu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atupe maelezo na mafunzo. Kuyadai si ukaidi. Tuyadai sote pamoja, na kwa lugha tunayoielewa, kwani mkono uliokatika haurudishwi na mshahara wo wote.