Taa za mbele za gari: kuzitoa, kuzirudisha na kuzipima ukutani

Maneno yaliyosomwa kwenye mkutano wa wanachama



Leo sisemi juu ya mbegu wala mikopo. Nasema juu ya taa za gari. Wengi wetu tumerudi kutoka Tanzania, na magari mengi tunayotumia huku yanapitia huko, usukani ukiwa kuume. Tanzania wanapita kushoto kwa barabara. Sisi Congo tunapita kuume, sawa na Burundi. Taa ya gari la kule imetengenezwa ili mwanga mfupi upande juu kidogo upande wa kushoto, juu ya kuonyesha watu wanaotembea kandokando. Ikifika huku, kushoto ndiko anatoka mwenzako. Unamtia upofu shofere mwingine na kijana wa piki. Na kuume, ambako mama anarudi shamba na kuni mgongoni, kunabaki giza.

Basi tufanye nini nyumbani?

Kutoa. Simamisha gari pahali sawa, zima, toa ufunguo. Ngoja taa ipoe, maana ampuli inaunguza mkono. Fungua waya ya minus kwenye batri. Chomoa plagi nyuma ya taa kwa kubonyeza ulimi wake, usivute waya. Fungua bolti, kwenye Toyota nyingi ni spana namba 10, na uziweke ndani ya bakuli zisipotee. Magari mengine yanataka bampa itoke kwanza. Taa ikikataa kutoka, usiilazimishe: tafuta bolti au klipu iliyojificha.

Ampuli mpya usiishike kwenye kioo. Mafuta ya vidole yanafanya ipasuke ikipata moto. Shika chuma chake. Na usidanganyike na ampuli ya wati 100 pahali pa 60/55: waya na plagi zitayeyuka.

Kurudisha. Ingiza plagi, rudisha kifuniko cha mpira nyuma, bila hicho maji na vumbi vitaingia. Rudisha waya ya batri, jaribu mwanga mfupi na mrefu, ndipo ukaze bolti. Usikaze kupita kiasi, plastiki inapasuka.

Kupima. Hapa ndipo watu wengi wanaacha kazi katikati. Ngoja jioni, tafuta uwanja sawa mbele ya ukuta. Pine ziwe na upepo wa kutosha, na mtu mmoja akae kwenye kiti cha shofere. Sogeza gari karibu na ukuta, weka alama ya chaki mbele ya katikati ya kila taa, halafu unganisha alama kwa mstari. Rudi nyuma mita 10. Washa mwanga mfupi. Ukingo wa juu wa mwanga unatakiwa kuwa sentimita 10 chini ya mstari. Nyuma ya taa kuna vis za kupimia: moja ya juu na chini, na kwenye magari mengi nyingine ya pembeni. Zungusha polepole, taa moja moja, huku ya pili umeikinga na katoni.

Sasa tazama ukuta kama shofere. Mwanga ukipanda upande wa kuume, hiyo taa ni ya Congo. Ukipanda kushoto, ni ya kule, na hakuna vis itakayoibadilisha. Dawa ni kununua taa za kuume, zote mbili. Mbele ya kuzipata, ishushe kidogo zaidi na upunguze mwendo.

Kuna wanaosema: taa kali ndiyo usalama. Hapana. Yule uliyemtia upofu ndiye atakayekugonga.

Tena, ukipakia magunia ya mihogo nyuma, pua ya gari inainuka na mwanga unapanda. Kama gari lako lina kigurudumu cha 0 mpaka 3 karibu na usukani, kizungushe kuelekea 3. Kama halina, pima taa ukiwa na mzigo uliozoea.

Kwa wafadhili: chaki na ukuta tunavyo. Kinachotupita ni bei ya taa za kuume kwa gari linalobeba wagonjwa wetu usiku. Hilo ndilo ombi letu.