Mwacheni Alale Kwanza

Wengi wetu tumeamka tukiwa na nguvu mpya. Lakini wako wenzetu walioamka wamechoka kuliko walivyokuwa walipopanda kitandani, na mazungumzo yetu ya leo ni juu yao.

Yatupasa kuanza kwa kukiri kosa. Katika ushirika mmoja tuliotumikia alikuwako mama mmoja, mkulima hodari, ambaye kwa miaka miwili alilalamika kwamba mwili wote unamwuma: shingo, mabega, mgongo, nyonga, mpaka magoti. Alikwenda hospitali. Damu ikapimwa, picha ya eksirei ikapigwa, akaambiwa hana kitu. Nyumbani wakaanza kumwita mvivu. Ndipo akaja kwetu akasema, "Mchungaji, usingizi hauji. Na ukija, naamka kama mtu aliyepigwa usiku kucha. Sasa hata kwaya sina hamu nayo."

Nasi tulimjibu nini? Tulimwambia imani yake imelegea, tukampangia mikesha ya maombi, Ijumaa nne mfululizo. Alitii. Baada ya kesha la tatu hakuweza kuinuka kitandani, akamtuma mtoto atuambie kwamba labda Mungu amemwacha.

Maneno hayo yalituchoma moyo. Mtu aliyekosa usingizi, sisi tulimwondolea hata ule kidogo uliobaki, tena kwa jina la Bwana! Baadaye daktari mwingine alimsikiliza kwa utulivu, akampima upya, akautaja ugonjwa wake: fibromialjia.

Jina hili ni geni masikioni, lakini ugonjwa wenyewe si mgeni. Kati ya watu 100, wapata 2 hadi 4 wanao, na wengi wao ni wanawake. Ushirika wa watu 300 huenda ukawa nao 6 au zaidi, wameketi kimya katika viti vya nyuma. Mwaka 1904 daktari mmoja wa London, William Gowers, aliandika juu ya maumivu ya namna hii akidhani misuli imewaka uvimbe. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba sivyo. Ndiyo maana eksirei haioni kitu. Tatizo kubwa liko katika jinsi ubongo na mishipa ya fahamu inavyopokea habari za maumivu.

Tuchukue mfano wa redio hii unayoisikiliza. Mtangazaji anaweza kusema polepole, lakini kama umefungulia sauti mpaka mwisho, nyumba nzima itatetemeka. Hakuna aliyepiga kelele studioni. Kifungo cha sauti ndicho kilichopandishwa mno. Vivyo hivyo, kwa mgonjwa huyu mguso mdogo hufika ubongoni kama pigo. Maumivu yake ni ya kweli kabisa. Hayatungi, wala hajifanyi.

Basi, ni nini kinachopandisha kifungo hicho? Yako mambo kadhaa, na mojawapo ni kukosa usingizi mzito. Mwaka 1975 Harvey Moldofsky na wenzake huko Toronto, nchini Kanada, walitangaza jambo la ajabu. Walichukua watu wenye afya njema, na kila walipozama katika usingizi mzito, wakawatoa humo kwa kelele. Baada ya siku chache tu watu wale wazima walianza kuumwa misuli na kuchoka, kama wagonjwa tunaowasema. Tena mwaka 1996 wachunguzi wa Marekani walieleza habari za wanawake 50 wenye ugonjwa huu, waliofuatwa kwa siku 30. Usiku wa usingizi mbaya ulifuatwa na siku ya maumivu zaidi, na siku ya maumivu mengi ikafuatwa na usiku mbaya.

Mnaona, ndugu zangu, jinsi gurudumu hili linavyozunguka. Maumivu yanafukuza usingizi. Kukosa usingizi kunaongeza maumivu. Na mtu aliyeumwa mchana na kukesha usiku, moyo wake utakosaje kuinama? Anaogopa jioni ikiingia. Anakasirikia watoto kwa jambo dogo. Furaha inamtoka. Kisha huzuni na hofu hizo nazo zinamweka macho, zinaukaza mwili, zinaifanya akili isifikirie kitu ila pale panapouma. Gurudumu limezunguka tena.

Katika Maandiko tunaye mtu aliyefika ukingoni namna hiyo. Hatusemi kwamba nabii Eliya alikuwa na fibromialjia. Lakini uchovu na kukata tamaa alivijua. Fungueni kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Yeye aliyesimama hodari juu ya mlima Karmeli, sasa ameketi chini ya mti jangwani, akimwomba Mungu amwondolee uhai. Kisha akalala. Malaika alipokuja, alisema nini? Hakumkemea. Hakumwuliza imani yake imekwenda wapi. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Alipokuja mara ya pili, akamlisha tena, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Ni baada ya usingizi, chakula na mwendo wa siku 40 ndipo Bwana alipozungumza naye huko Horebu juu ya kazi yake. Mungu aliujali mwili wa mtumishi wake kwanza. Sisi tuliruka hatua hiyo.

Sasa tufanye nini? Wewe unayeumwa, nenda kwa daktari, wala usijipe jina la ugonjwa mwenyewe, kwa maana upungufu wa damu na maradhi ya tezi ya shingo huweza kufanana na haya. Mwambie panapouma, lakini mweleze pia unavyolala na unavyoamka. Tangu mwaka 2010 zimekuwako kanuni za kuutambua ugonjwa huu ambazo hazitegemei kubonyeza sehemu 18 za mwili, kama zile za 1990, bali zinauliza pia habari za uchovu na usingizi. Usimeze vidonge vya dukani kila siku. Mara nyingi havisaidii sana ugonjwa huu, na vingine vyaweza kuumiza tumbo na figo. Ziko dawa ambazo daktari aweza kuchagua.

Tena gurudumu hili lina milango mitatu, na mtu aweza kulipunguza mwendo kwa kuingia mlango wowote. Amka saa ile ile kila siku. Acha chai na kahawa jioni. Tembea kidogo, dakika 10 tu, kisha uongeze polepole; kutembea huku ni katika matibabu yanayosaidia zaidi, ingawa mwanzoni mwili hugoma. Na yale yanayokulemea moyoni, mwambie mtu unayemwamini.

Ninyi mlio nyumbani naye, mpokeeni debe la maji bila kunung'unika. Acheni neno "mvivu". Na akisema kama Eliya kwamba heri afe, msimwache peke yake, wala msingoje kesho, mpelekeni hospitali.

Nasi wachungaji, tujifunze kuuliza, "Mama, jana ulilala?" kabla ya kuuliza, "Uliomba?"

Mama yule tulimwendea nyumbani, tukamwomba msamaha. Kesha la nne halikufanyika. Tulisali naye mchana, sala fupi, tukaondoka mapema ili apumzike. Hajapona kabisa. Ziko siku anazokosa ibada. Lakini hutembea asubuhi mpaka njia panda na kurudi, usingizi umerudi kiasi, na kwaya ameirudia. Wenzake wamemwekea kiti, yeye huimba ameketi. Wala hakuna tena amwulizaye kwa nini.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemlaza mtumishi wako chini ya mti na kumlisha, wakumbuke usiku huu wote walalao kwa maumivu. Uwape usingizi. Utusamehe sisi tuliowaongezea mzigo, utufundishe kuubeba pamoja nao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.