Maneno ya Katibu wa Tawi: Tumwombe mbunge awasemee wagonjwa

Ndugu wanachama. Wengi hamkufika mkutanoni Jumapili kwa sababu ya msiba, na waliofika wameniomba maneno yangu niyatume kwenye simu, maana huko nje tayari yanasimuliwa vibaya. Nayaweka kama nilivyoyasema. Anayetaka kuyasambaza ayasambaze yote, asikate kipande.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na vijana.

Najua nikitaja bangi humu ndani wapo watakaocheka na wapo watakaokunja uso. Chekeni kwanza, tumalize.

Mimi ndiye ninayetunza daftari la michango ya wagonjwa. Mwaka jana tulimchangia mwenzetu, mama aliyekuwa akitibiwa saratani. Risiti zote ninazo: nauli za kwenda na kurudi Dar es Salaam, chakula, malazi ya anayemuuguza, dawa za kuzuia kutapika. Hizo dawa kwenye daftari ni mstari mmoja tu, lakini ndipo tuliposhindwa. Kila akitoka kuwekewa dripu alitapika siku nne, tano. Vidonge vilitoka pamoja na maji aliyovimezea. Akapungua mpaka matibabu yakaahirishwa, mwili haukuweza tena.

Mwanawe akasikia mtaani kwamba bangi inatuliza. Akainunua kichochoroni, akaichemsha kama chai, akampa mama yake usiku, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa kanga. Siku ya kwanza mama alikunywa uji na haukutoka. Siku ya tatu alilewa, akaweweseka hadi alfajiri, kwa sababu kijana hakujua apime kiasi gani. Hakumuuliza daktari. Angemuulizaje? Mnazijua hukumu za miaka 30 tunazozisikia redioni.

Mama ametangulia mbele ya haki, na familia imeniruhusu niseme haya bila jina. Sisemi bangi ingemponya. Haiponyi saratani, na anayeuza chupa barabarani akidai inaponya ni tapeli. Ninachosema ni kwamba yule kijana hakupaswa kuwa daktari, mfamasia na mhalifu kwa usiku mmoja.

Dawa zilizotengenezwa kutokana na mmea huu, au kwa kuiga kemikali zake, hupunguza kichefuchefu cha dripu za saratani, hulegeza misuli kwa baadhi ya wagonjwa wa mishipa ya fahamu, na hupunguza kuanguka kwa watoto wenye aina sugu za kifafa. Hiyo ya kifafa iliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Ni dawa ya maji, mtoto anapimiwa kiasi kulingana na uzito wake. Uingereza waliruhusu madaktari bingwa kuandika dawa za namna hii kuanzia Novemba 2018. Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura, 27 kwa 25, kuitoa bangi katika jedwali la dawa za hatari kupita zote, zile zilizohesabiwa kuwa na faida ndogo sana ya tiba. Bado inadhibitiwa, ndiyo. Kudhibiti na kufungia ni mambo mawili.

Na sisi si wageni wa jambo hili. Mofini inatokana na mmea uleule unaotoa heroini, lakini mgonjwa wa Ocean Road anapewa mofini ya maji kwa ajili ya maumivu, na hakuna aliyesema hospitali imegeuka kijiwe. Muhimbili wanatoa methadoni kwa walioathirika na heroini tangu 2011. Kinachofanya yawezekane ni daftari: kilichokuwepo, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na sahihi ya mtoaji. Hiyo kazi naijua. Dawa ikipotea, daftari linasema.

Kuna mzee ameniuliza, je, vijana wote wa stendi hawatajifanya wagonjwa? Shikamoo mzee wangu, ni swali la haki. Ndiyo maana hatuombi majani wala ruhusa ya kuvuta. Tunaomba sheria imruhusu daktari bingwa, kwa magonjwa yaliyotajwa, kuandika dawa iliyosajiliwa, yenye kipimo, itolewe na famasi ya hospitali. Anayelima na anayeuza mtaani sheria yake ibaki ilivyo.

Mwaka 2019 mbunge wa Kahama Mjini wa wakati ule, Jumanne Kishimba, alilisemea jambo la bangi ya dawa bungeni, naye alitazama zaidi biashara. Zimbabwe walifungua kilimo cha aina hiyo 2018, Malawi 2020. Mimi naona tukianza na shamba na dola, mgonjwa atasahaulika, na wapinzani wetu watapata la kutusema. Tuanze na kitanda. Bei tutaigombania baadaye, kwa sasa hata mwenye hela hawezi kununua.

Wapo wanaoniambia nisubiri, jambo hili litatupotezea kura. Huenda. Lakini tawi hili lina wagonjwa watatu kwenye daftari langu leo.

Hayo ndiyo niliyosema. Mkutano ulikubali tumwandikie mbunge, na wajumbe wanne walipinga. Barua iko mezani ofisini, kurasa mbili. Isomeni kabla ya kusaini, muweke jina na namba ya kadi. Viongozi wa mashina wawapelekee wasioweza kutembea. Mwisho ni Alhamisi saa kumi jioni. Waliopinga nao waandike hoja zao, nitaziambatanisha kama zilivyo.

Katibu wa Tawi