Kuhifadhi mashini nzima, na kujua kuirudisha

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama, Uvira. Tumeyachapa karibu vile yalivyosemwa.



Nimeombwa niongee juu ya ordinatere. Najua wamoja wamesema moyoni, "Hayo ni mambo ya vijana." Hapana. Niulize kwanza: daftari ya chama chetu iko wapi leo? Majina ya jamaa zote, michango ya kila mwezi, mikopo ambayo haijalipwa, picha za fomu za kurudi kwa hiari toka Tanzania, karatasi za viwanja vya Baraka na Fizi, vyeti vya watoto waliozaliwa Nyarugusu na Lugufu, vyote viko wapi? Viko ndani ya kompyuta moja, nyumbani kwa mama mtunza pesa, juu ya meza. Mama anaitunza sana, kila jioni anaifunika na kitambaa. Lakini kitambaa hakizuii mwizi, na hakizuii maji.

Juu ya maji, watu wa Uvira hawana haja ya mwalimu. Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, watu walikufa na nyumba nyingi zilibebwa. Waliopona walikimbia na watoto mikononi. Siku kama hiyo hakuna mtu wa kurudi ndani kuchukua ordinatere, na asijaribu hata! Kazi ya kuokoa daftari inafanywa kabla ya mvua, siku ya jua, bila haraka.

Sasa, wengi wananiambia, "Mimi natiaka mafaili yangu kwenye flashi." Ni vizuri, ni mwanzo. Lakini mkumbuke siku ya kushuka kwenye boti. Mtu alishuka na godoro, sufuria, jembe. Vitu alikuwa navyo, nyumba ya kuviweka hakuwa nayo. Faili ndani ya flashi iko vilevile. Mashini ikikufa, mtanunua ingine, na ndipo mtaona kwamba programu ya hesabu haimo, mashini ya kuchapa haitambuliwi, maneno ya siri yamepotea, na faili ya michango inakataa kufunguka juu ile programu iliyoitengeneza haipo tena. Fundi atakuja leo, atarudi kesho. Wiki mbili zinapita, na wakati huo kuna mjane anayengoja msaada wa mazishi, na hakuna anayeweza kuonyesha kama marehemu alikuwa amelipa.

Ndiyo maana tunahitaji aina mbili za nakala. Ya kwanza ni ya mafaili, ile mnayoijua. Ya pili ni nakala kamili ya mashini, ni kama kupiga picha diski yote: Windows yenyewe, programu, mipangilio na mafaili, vyote pamoja, vile vilivyo siku hiyo. Diski ikiharibika, tunaweka diski mpya, tunarudisha ile picha, na mashini inaamka kama ilivyokuwa siku ile.

Je, inafanywaje? Kuna programu ya bure inayoitwa Clonezilla. Inawekwa kwenye flashi, na flashi hiyo ndiyo inayowasha mashini badala ya Windows. Unazima kompyuta, unachomeka flashi pamoja na diski ya nje, unawasha huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwenye HP mara nyingi ni Esc halafu F9. Kisha unaiagiza ichukue diski ya ndani na kuandika picha yake kwenye diski ya nje. Kwa kawaida inachukua tu sehemu zenye vitu, haipotezi wakati na sehemu tupu. Kwa tundu la USB la zamani, hesabuni karibu saa moja kwa kila giga 100. Kwa USB 3 inaenda mbio zaidi. Betri iwe imejaa kabla ya kuanza, juu umeme wetu mnaujua.

Kuna mambo manne ya kuangalia vizuri.

La kwanza: usibadilishe njia. Diski ya kutoka na diski ya kuingia, ukizigeuza, utafuta ile uliyotaka kuokoa. Bandikeni karatasi kwenye diski ya nje na jina lake, na watu wawili wasome kiwambo kabla ya kukubali.

La pili: diski mpya ya kurudishia isiwe ndogo kuliko ile ya zamani. Picha ya diski ya giga 500, Clonezilla kwa kawaida inakataa kuirudisha kwenye diski ya giga 250, hata kama vitu vilivyomo ni kidogo.

La tatu: kama Windows imefunga diski kwa BitLocker, kuna ufunguo wa tarakimu 48. Uandikeni kwenye karatasi leo. Siku ya shida, mashini inaweza kuuomba, na bila huo hakuna fundi atakayewafungulia.

La nne: picha ya mashini moja, ukiirudisha kwenye mashini ya aina ingine, inaweza kukataa kuamka ao kuomba leseni upya. Kwa hiyo nakala ya kawaida ya mafaili msiiache. Hiyo inafunguka popote penye programu ya kuyasoma.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Vyama vingi vina nakala. Vyama vilivyojaribu kuirudisha ni vichache mno. Nakala ambayo haijarudishwa hata mara moja, hakuna anayejua kama ni nakala ao ni sanduku tupu. Siyo sisi maskini tu. Mwaka wa 1998, huko Marekani, studio ya Pixar ilikuwa inatengeneza filamu ya katuni Toy Story 2. Mtu mmoja aliandika amri ya kufuta, na sehemu kubwa ya filamu ikaanza kupotea mbele ya macho yao. Walisema, hakuna shida, tuna nakala. Walipoenda kuzitazama, wakakuta zilikuwa zimeacha kufanya kazi vizuri tangu wiki nyingi, na hakuna aliyegundua. Unajua nani aliwaokoa? Mama mmoja, Galyn Susman, mkubwa wa mambo ya ufundi kwenye filamu hiyo. Alikuwa amejifungua, akawa anafanyia kazi nyumbani, na kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala ya filamu. Waliifunika kwa mablanketi, wakaisafirisha kwa gari polepole kama mgonjwa.

Wamama, mmesikia? Kompyuta ya nyumbani iliokoa kampuni kubwa. Lakini iliwaokoa kwa bahati, na chama cha watu waliopoteza kila kitu mara moja, ao mara mbili, hakiwezi kutegemea bahati.

Kuhusu mahali pa kuweka, kuna kanuni rahisi ya kukumbuka: tatu, mbili, moja. Nakala tatu ukihesabu ile ya kazi, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Nje ya nyumba maana yake siyo chumba cha pili. Ni mtaa mwingine, mbali na mto na mbali na ziwa. Na diski ya nje isiachwe imechomekwa. Mnajua flashi ikitoka kwenye sekretariati za kuchapa inarudi na nini: mafolda yamefichwa, yamebaki majina tu. Kuna virusi vibaya zaidi vinavyofunga mafaili na kudai pesa, na vinafunga hata diski ya nje ikiwa imechomekwa wakati huo. Diski iliyo kabatini havifikii.

Neno moja la usalama. Daftari yetu ina majina, vijiji vya asili, na mipaka ya viwanja. Kwa mikono mibaya, orodha hiyo inaweza kumletea mtu hatari kwenye shamba lake. Kwa hiyo nakala ifungwe kwa neno la siri, programu ya bure VeraCrypt inafanya kazi hiyo. Neno hilo walijue watu wawili wa kamati, na liandikwe kwenye bahasha iliyofungwa, mahali tofauti na diski. Mtu mmoja akilijua peke yake, siku akisafiri ao akifariki, daftari imekufa naye.

Naleta mapendekezo haya mbele ya kamati. Kila wiki, nakala ya mafaili. Kila mwezi, picha kamili ya mashini, tukiziweka mbili za mwisho, tusifute ya zamani kabla ya mpya kukaguliwa. Kila miezi mitatu, siku ya jaribio: tunatoa diski ya ndani, tunaiweka pembeni salama, tunaweka diski ya akiba, tunarudisha picha, tunafungua daftari ya michango, tunachapa risiti moja. Risiti ikitoka, tunaandika kwenye kitabu: tarehe, muda uliotumika, sahihi za watu wawili. Isipotoka, tumegundua ugonjwa wakati mgonjwa bado anatembea.

Kwa wafadhili wetu: mmetupa kompyuta, na tunawashukuru kwa moyo wote. Mwaka ujao, kwenye mstari wa vifaa, tunaomba diski mbili za nje na diski moja ya ndani ya akiba. Ni vitu vidogo, lakini ndivyo vitakavyofanya ripoti mnayoidai iwepo bado hata kama nyumba haipo.

Na kwa mama mtunza pesa, mzigo huu usiwe wake peke yake. Naomba vijana wawili wajitoe leo hii, kabla hatujaenda kula, wajifunze naye jaribio la kwanza Jumamosi. Wanyooshe mkono nione.