Kuitika Mwito wa Kituo Kigeni

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Katibu ameniomba niseme machache juu ya jambo linalonong'onwa katika ofisi zetu tangu tangazo la nafasi za kazi lilipobandikwa ubaoni. Nafasi zenyewe zi mbali, kazi yake ni ngeni, na mpaka asubuhi hii hakuna hata mmoja wa tawi letu aliyetia jina lake. Sikuja kulaumu. Mwenye mama mgonjwa, au mwenye mtoto aliyebakiza miezi michache kufanya mtihani, ana udhuru ulio wazi, wala haifai kumwita mvivu. Walakini sote hatuna mama wagonjwa.

Aghalabu husemwa kwamba twaogopa baridi, mbu, au chakula tusichokizoea. Mimi nadhani twaogopa jambo jingine. Mtu aliyekaa mezani pake miaka kumi hujua kila jalada lilipo. Wakubwa humtaka shauri, na vijana humwamkia kabla hajaketi. Akienda penginepo atakuwa mwanafunzi tena, na yamkini mwalimu wake atakuwa kijana wa umri wa mwanawe. Hapo ndipo penye mwiba. Twaona haya kuuliza, na haya hiyo twaipa jina la busara.

Tazameni habari za Bwana Martin Kayamba. Alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akafanya kazi Kenya na Uganda. Wakati wa vita iliyoanza mwaka 1914 alitiwa kizuizini na Wajeremani. Vita ilipokuwa haijakwisha, mwaka 1917, akashika kazi ya ukarani Tanga. Mtu aliyepatwa na hayo yote angeweza kusema, sasa natulia. Badala yake, mwaka 1922, akaanzisha huko Tanga chama cha watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika, kikakusanya Waislamu na Wakristo, watu waliokuwa wamesoma shule mbalimbali na kukaa mbalimbali. Yafaa tulikumbuke hili sisi tunaoketi hapa: chama cha namna ya hiki chetu kilianzishwa na mtu aliyekuja Tanga kutoka kwingine. Laiti angalikataa kuhama, sijui nani angalikianzisha.

Mwaka 1931 akaitwa London, pamoja na Mtemi Makwaia wa Usiha na Bwana Francis Lwamugira wa Bukoba, watoe ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Fikirini karani wa boma akiketi mbele ya wakuu wa dola na kuulizwa maswali kwa lugha yao. Hakuwa na jalada la mtangulizi la kufungua ili aone mwenzake alijibuje. Kamati ile haikushauri nchi hizo ziunganishwe wakati ule. Sisemi kwamba ni kwa ajili ya maneno ya watu watatu. Nasema kwamba walikuwapo, wakasema.

Labda mtasema huyo alikuwa mtu wa namna ya peke yake. Basi mchukueni Sheikh Shaaban Robert, ambaye kwa muda mrefu alikuwa karani kama sisi. Alitumika katika Idara ya Forodha tangu mwaka 1926 hata 1944, miaka 18 ya kazi ya forodha. Kisha akapelekwa Mpwapwa, bara, katika Idara ya Mifugo. Kutoka mizigo ya majahazi hadi mambo ya ng'ombe! Hakukaa huko milele. Mwaka 1946 alikuwa amekwisha rudi Tanga, akatumika katika ofisi ya wilaya, na baadaye katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Kalamu yake haikukauka kwa sababu ya kuhamahama.

Sasa nageukia neno ambalo wakubwa hawatalipenda sana. Kuitika mwito si kuingia gizani macho yamefumbwa. Anayekubali adai kwa maandishi apate kujua mshahara wake, nyumba atakayokaa, na posho ya uhamisho italipwa lini. Wako wenzetu waliosafiri na watoto na vyombo, wakaingojea posho hiyo hata vyombo vikachakaa. Jambo hilo ni kazi ya Chama, na Kamati yetu imekwisha andika barua juu yake. Lakini tusilifanye kuwa pazia la kujificha. Mwenye sababu ya posho aseme posho. Mwenye haya ya kujifunza upya asiseme posho.

Karatasi za maombi ziko kwa Katibu hata saa kumi na moja jioni. Tena, wale ndugu wawili walioketi safu ya nyuma wamepata kufanya kazi katika wilaya hiyo hiyo. Nimewaomba wasiondoke upesi. Waulizeni bei ya mchele, umbali wa shule, na kama maji yapo wakati wa kiangazi.