NANI MWENYE KUMALIZA VITA?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kahawa Sukari



Tumeombwa tuseme habari ya Rais na Bunge: ni nani mwenye haki ya kumaliza vita? Wengine watasema hayo ni mambo ya wakubwa, sisi watu wa reli yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Waendao vitani ni watoto wetu, na fedha za vita hutoka katika kodi inayokatwa katika mishahara yetu.

Tuanze hapa hapa. Chuo Kikuu cha Kenyatta, jirani yetu, zamani kilikuwa kambi ya askari wa Kiingereza. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Baring alitangaza hali ya hatari. Aprili 1954 wafanya kazi wa Nairobi walikamatwa kwa maelfu wakatiwa vizuizini. Mambo hayo yakaisha tarehe 12 Januari 1960 kwa amri ya Gavana Renison. Gavana mmoja alifungua, mwingine akafunga; wananchi hawakuulizwa hata mara moja.

Tulipopata uhuru tulidhani yamekwisha. Lakini Disemba 1963 Serikali yetu wenyewe ilitangaza hali ya hatari huko kaskazini mashariki, katika vita vya Shifta. Oktoba 1967 Kenya na Somalia zilipatana Arusha, Rais Kaunda akiwa msuluhishi. Sheria za hatari zikabaki mpaka 1991. Toka mapatano ni miaka 24! Hapakuwa na tarehe ya kumlazimisha mtu kuzifuta.

Katiba ya 2010 imeleta dawa. Rais hawezi kutangaza vita bila kibali cha Bunge. Hali ya hatari hufa yenyewe baada ya siku 14, ila Bunge la Taifa likiiongeza kwa thuluthi mbili ya wabunge wote. Mara nyingine tena ni robo tatu, na kila mara isizidi miezi 2. Yaani atakaye kuendelea ndiye atafutaye kura, si atakaye kumaliza.

Lakini kwa askari wanaopelekwa nje, Katiba yataka kibali cha Bunge, ila siku ya kurudi haikuandika. Oktoba 2011 majeshi yetu yaliingia Somalia. Bunge likakubali yaingie katika jeshi la Umoja wa Afrika mwezi wa Disemba. Mwaka 2025, jeshi hilo lilipobadilishwa jina mara ya pili, askari wetu walikuwa wangali huko.

Hatusemi walikwenda bure. Hatujasahau watu 148 waliouawa Garissa, Aprili 2015. Lakini treni haitoki stesheni ya Kahawa bila ruhusa, wala haitoki bila kujulikana inakoishia. Twataka kibali cha vita kiwe na tarehe. Ikifika, Serikali irudi Bungeni, iseme wangapi wamekufa na kazi gani imebaki, ndipo iombe tena.

Sisi wenyewe mgomo twaupigia kura kuuanza, na twataka kuulizwa kabla ya kuumaliza. Basi mbunge wa Ruiru akija kwetu, tumwulize: Watoto wetu watarudi lini, na wewe umeuliza?