MSAADA WA FEDHA KWA SHULE: MAMBO YA KUTAZAMWA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Mazungumzo kwa wajumbe wa halmashauri za shule, Kisiwa cha Mombasa



Mtu aketipo jioni chini ya mibuyu ya Mama Ngina huziona meli kubwa zikiingia mlango wa Kilindini. Meli hizo haziingii bila rubani. Nahodha, hata akiwa mzoefu wa bahari nyingi, humpokea rubani, akasikiliza habari za kina cha maji na mkondo, ndipo asonge mbele. Kufanya hivyo si woga. Ni kuilinda meli na watu waliomo.

Halmashauri ya shule iletewapo barua ya kuialika katika mpango wa msaada wa fedha imo katika hali kama hiyo. Aghalabu mkutano hugawanyika pande mbili. Upande mmoja husema: paa linavuja, madawati hayatoshi, fedha zimekuja, basi zipokewe leo. Upande wa pili husema: atoaye fedha ndiye atakayeamuru, na shule waliyoijenga wazee itatoka mikononi mwa wenyewe. Pande zote mbili zastahili kusikilizwa, kwa maana habari za mji huu zazishuhudia zote mbili.

Serikali ilifungua Shule ya Waarabu mjini Mombasa mwaka 1912. Wazazi wengi walihofu kwamba elimu ile ingewatoa watoto katika dini. Hofu hiyo haikuwa upumbavu, kwani dini na adabu ni amana ya mzazi. Lakini ilikuwa na gharama yake: watoto waliozuiliwa, walipotafuta kazi za ofisini na bandarini, waliwakuta wenzao wametangulia. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata alipofariki mwaka 1947, aliliona jambo hili mapema. Katika gazeti lake la Al-Islah, lililoanza mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wa pwani watafute elimu ya kisasa pasipo kuiacha dini yao. Hakuwaambia wapokee kila kitu, wala hakuwaambia wakatae kila kitu.

Mfano wa pili uko Tudor, kisiwani humu humu. Mwaka 1948 iliundwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ili vijana Waislamu wa Afrika Mashariki wapate kujifunza ufundi. Aga Khan alitoa pauni 100,000. Sultani wa Unguja, Sayyid Khalifa bin Harub, alitoa, Mabohora walitoa, Serikali ya Uingereza nayo ilitoa. Kila mmoja wa watoaji hao angeweza kujenga chake peke yake, kidogo kidogo. Walikubali kutia katika chungu kimoja, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1951.

Lakini habari haikuishia hapo. Katika miaka ya 1960, baada ya Uhuru, taasisi ile ilifunguliwa kwa vijana wa dini zote. Mwaka 1972 ikawa Politekniki ya Mombasa, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wako walioona kwamba kilichotolewa kwa jamii moja kimechukuliwa. Wako walioona kwamba kimekua, kikafaa watu wengi zaidi. Jambo la kujifunza ni hili: sharti la msaada laweza kubadilika serikali au sheria zibadilikapo. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa shule za makanisa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliwaondoa wamisionari katika umeneja wa shule, ikawaacha kuwa wadhamini tu. Kwa hiyo mjumbe asiulize tu leo tunapewa nini, bali aulize pia: mambo yakibadilika, ni lipi litakalobaki mikononi mwa wazazi?

Sasa na itazamwe hesabu. Januari 2003 karo ya shule za msingi za Serikali iliondolewa nchini Kenya, na kila mtoto akatengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Fedha hizo ziligawanywa katika akaunti mbili: shilingi 650 za vitabu na vifaa vya kufundishia, na shilingi 370 za matumizi mengine kama matengenezo, maji na umeme. Fedha za vitabu hazikuruhusiwa kulipia paa. Wajumbe wengi waliona taabu, kwa maana mvua hainyeshi kwa kufuata akaunti. Hata hivyo mpango huo ulimwezesha mzazi yeyote kuuliza: vitabu viko wapi?

Pasipo swali hilo, hasara huwaangukia wasio na kosa. Mwishoni mwa mwaka 2009, baada ya kutokea habari za kupotea kwa fedha za elimu, Uingereza ilisimamisha msaada wake kwa mpango ule, na Januari 2010 Marekani ikafanya vivyo hivyo. Mtoto wa darasa la pili hakuiba hata senti moja, lakini fedha iliyozuiliwa ilikuwa yake. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Uko pia mfano wa utaratibu mwema. Kuanzia mwaka 2015 Kenya ilitumia msaada wa dola milioni 88.4 za Marekani kutoka Ushirika wa Kimataifa wa Elimu. Sehemu ya fedha hizo iliwekwa kwa ajili ya shule za msingi 4,000 ambazo matokeo yao ya mtihani yalikuwa hafifu. Hapo shule haikupewa fedha kwanza kisha ikatafuta la kufanya. Mwalimu mkuu na halmashauri walifundishwa, wakaandika mpango wa kuiendeleza shule yao, ndipo fedha zikafuata mpango.

Basi, kabla ya kalamu kushikwa, yafaa halmashauri ijibu maswali matano. Je, msaada huu waondoa shida iliyo kubwa shuleni, au waleta kitu ambacho hakuna aliyekihitaji? Masharti yake ni yapi, na yamesomwa yote kwa lugha ambayo kila mjumbe aielewa? Shule yenyewe yatakiwa kutoa nini, na fungu hilo litatoka kwa nani? Nani atakayeandika daftari, na nani mwingine atakayelikagua? Na la mwisho, ambalo husahauliwa mara nyingi: msaada ukikoma, nani atalipa mshahara wa mlinzi na bei ya balbu?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ambayo ndiyo iliyoipa halmashauri jina la Bodi ya Usimamizi, iliweka humo wawakilishi sita waliochaguliwa na wazazi na watatu wa mdhamini. Hesabu hiyo ina maana. Wazazi hawakuwekwa pale kunywa chai na kupokea posho. Barua ya msaada na isomwe mbele yao, maswali yaulizwe, na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za mkutano pamoja na sababu zake.

Halmashauri ikikubali, na ikubali ikijua. Ikikataa, kukataa nako ni uamuzi wenye gharama, na wajumbe yawapasa kuweza kumweleza mtoto aketiye sakafuni kwa nini dawati lake halikuja. Lililo baya kuliko yote mawili ni barua kukaa mwaka mzima katika mtoto wa meza, haikujibiwa, hata siku ya mwisho ya maombi ikapita.